Mshono Umeachia, Mkono Umenyanyuka

Kijana wa ultrasaundi alimpaka Baba jeli begani, akamwomba aupeleke mkono nyuma kana kwamba anatoa pochi mfukoni, kisha akaanza kukitembeza kile kidude chake juu ya ngozi, polepole. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, nikiikodolea macho skrini isiyoniambia kitu. Nyeusi, nyeupe, kijivu, kama bahari ya Mama Ngina, hapa Mombasa, kabla jua halijatoka.

Akasimama mahali pamoja. Akapima. Akaondoka, akarudi palepale, akapima tena.

"Mzee alishonwa lini?"

"Januari mwaka jana," nikamjibu.

"Kano ya bega, ile inayoufunga msuli kwenye mfupa, haikushika, dada. Pana pengo hapa. Sentimita moja na nusu hivi."

Baba hakusema kitu. Alijifuta jeli, akavaa kanzu yake, akafunga kishikizo cha shingoni. Halafu akaunyanyua mkono wa kulia, uleule uliotoka kupimwa, akaunyoosha juu ya kichwa mpaka kwenye msumari nyuma ya mlango, akatungua kofia yake akaivaa.

Yule kijana alibaki ameshika karatasi ya kupangusia, hajui aitupe wapi.

Wiki sita zimepita, na bado nauona mkono ule ukipanda kwenye msumari.

Mteremko wa kivuko

Baba ni mpika halwa. Ukitaka kujua bega linafanya kazi gani, simama jikoni kwake asubuhi moja. Wanga, sukari, samli, iliki, sufuria pana juu ya moto, na mwiko mrefu kama kasia. Mwanzo ni maji tu, mtoto anaweza kukoroga. Baada ya saa moja inaanza kuwa nzito. Baadaye inauvuta mwiko, inaguta kila ukiigeuza, samli inajitenga pembeni, na hapo mtu hana ruhusa ya kusimama hata kujifuta jasho, kwa sababu ikishika chini imeharibika yote. Baba amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa ana miaka 62, na ana sukari.

Mwishoni mwa mwaka juzi, mvua za vuli zikinyesha, aliteleza kwenye mteremko wa kivuko cha Likoni. Hakuanguka kabisa, na hilo ndilo lililomponza. Alidaka chuma cha pembeni kwa mkono wa kulia, mwili ukaenda chini, mkono ukabaki juu. Anasema alisikia kitu ndani kikikatika kama kamba ya kanga za kuanika.

Tukafanya kama wafanyavyo wengi. Alikandwa kwa maji ya chumvi, akachuliwa kwa mafuta ya karafuu, akameza vidonge. Eksirei ikaonyesha mifupa mizima, tukamshukuru Mungu tukarudi nyumbani. Hakuna aliyetuambia kwamba eksirei haioni kano.

Usiku ndio uliotushinda. Alikuwa halali. Akilalia kulia anaamka, akilalia kushoto bega linaning'inia na kuvuta, akilala chali linamchoma. Akahamia kwenye kiti cha sebuleni na mito miwili, na huko ndiko tulikomkuta kila alfajiri kwa wiki saba, macho mekundu, tasbihi mkononi.

Emarai, picha inayoonyesha hata kano, ndiyo iliyosema: kano ya juu ya bega imekatika yote kutoka kwenye mfupa, sentimita mbili na nusu.

Chungwa juu ya kisahani

Kano sisi tunaita mshipa. Daktari alitusahihisha kwa upole, akachukua chungwa kwenye mfuko wa matunda aliokuja nao Mama, akaliweka juu ya kisahani cha chai. Bega ndivyo lilivyo, alisema, mpira mkubwa juu ya kisahani kidogo. Kinachouzuia mpira usiporomoke ni misuli minne inayotoka kwenye bapa la bega na kuukumbatia kwa kano zake, mmoja mbele, mmoja juu, miwili nyuma. Ule wa juu ndio ukatikao mara nyingi, na ndio uliokatika kwa Baba.

Kisha akatueleza njia.

Ya kwanza ni kupasua. Anachana ngozi sentimita chache, anaigawa misuli ya nje ya bega bila kuing'oa, anaifikia kano kwa macho yake, anaivuta irudi mahali pake, na kuifunga kwa nyuzi zinazopita kwenye mfupa wenyewe au kwenye vijiskrubu.

Ya pili ni kamera. Matundu madogo manne au matano, maji yanapigwa ndani ili nafasi ifunguke, kamera nyembamba inaingia tundu moja na vifaa matundu mengine. Humo kano inafungwa kwa kile wanachokiita anka, nanga ndogo inayozamishwa ndani ya mfupa ikiwa na nyuzi mkiani. Neno hilo lilimfurahisha Baba. Mtu aliyezaliwa hatua chache kutoka Bandari ya Kale haelezwi nanga ni nini.

Na ndani ya hiyo ya pili mna tena safu moja na safu mbili. Safu moja, nanga zimepangwa mstari mmoja na kano inafungwa hapo ukingoni. Safu mbili, mstari wa kwanza unawekwa ndani karibu na kiungo, wa pili nje zaidi, nyuzi zinavukishwa juu ya kano kutoka safu hii hadi ile na kuibana yote chini kwa upana wake. Nanga zinaongezeka, na bei inaongezeka nazo.

Daktari wa hapa Mombasa alikuwa tayari kupasua. Wa Nairobi alikuwa tayari kwa kamera na safu mbili. Tofauti ya gharama, ukitia nauli na malazi, ilitosha kununua tuktuk iliyotumika.

Kaka yangu yuko Maskati. Alisema atatuma zote, twende Nairobi, dunia nzima siku hizi ni kamera, nani anapasuliwa bega karne hii? Alituma na video. Nilizitazama zote, na kusema kweli zilinivutia. Mle ndani kila kitu ni cheupe na kisafi, uzi unapita kama samaki.

Baba ndiye aliyekata shauri. "Nipasuliwe hapahapa, nirudi kitandani kwangu, nisikie adhana ya msikiti wangu." Nikamuunga mkono. Kaka akanyamaza. Bega likashonwa Januari.

Sekunde tatu

Siku ya ultrasaundi nilimtumia Kaka ripoti kwa simu. Alijibu kwa sauti, ujumbe wa sekunde tatu.

"Niliwaambia."

Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko inavyonipasa. Nikiwa kwenye matatu, nikiwa naosha vyombo. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyekuwa na pesa mkononi na hakuruhusiwa kuzitoa kwa ajili ya baba yake.

Nikaanza kusoma usiku. Nilitaka kujua jambo moja tu: tungekwenda Nairobi, je, ingeshika?

Waingereza 273

Upo utafiti uliofanywa Uingereza kwa swali hilihili, ukiongozwa na Profesa Andrew Carr wa Oxford, na ripoti yake kamili ikatoka 2015. Walichukuliwa watu 273 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, kano za bega zimekatika. Wakagawanywa kwa kura, nusu washonwe kwa kupasuliwa, nusu kwa kamera. Wakaulizwa maswali yaleyale kabla na baada: unaweza kuvaa nguo, unaweza kubeba mfuko wa sokoni, maumivu yanakuamsha usiku? Alama ya juu kabisa ni 48.

Waliopasuliwa walianzia 25, wakafika 41.5 baada ya miaka miwili. Wa kamera walianzia 26.3, wakafika 41.7.

Nilisoma mstari ule nikaurudia. Hakuna tofauti. Miaka miwili baadaye, mtu wa matundu madogo na mtu wa kovu refu wako sawa.

Lakini kilichoniinua kitandani ni kilichofuata. Waliwapiga picha pia, waone kama kano zimeshika. Kwa kamera, zilizoachia zilikuwa asilimia 46.4. Kwa kupasua, asilimia 38.6. Watafiti wenyewe wanasema tofauti hiyo si ya kutegemewa, kwa hiyo siwezi kumwambia Kaka kwamba kupasua kunashinda. Ninachoweza kumwambia ni kwamba katika njia zote mbili, kwa mikono ya madaktari waliozoea kazi hiyo, mishono inayokaribia nusu haikushika.

Na watu walewale wakajibu kwamba wamepata nafuu kubwa.

Nilishuka chini nikanywa maji. Sebuleni kile kiti cha Baba kilikuwa kitupu, mito imerudishwa kabatini zamani. Alikuwa chumbani kwake amelala, namsikia akikoroma. Kwa mara ya kwanza tangu ile ripoti niliacha kujiuliza Nairobi au Mombasa, nikaanza kujiuliza tulishona nini hasa.

Safu mbili

Nilitafuta pia ile safu mbili, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ghali. Katika maabara, safu mbili ina nguvu zaidi, hilo halina ubishi. Ukiivuta kwa mashine inachelewa kuachia. Lakini walipochukuliwa watu hai na kugawanywa kwa kura, kama ilivyofanyika Kanada kwa wagonjwa 90 na matokeo kutolewa 2012, maisha yao baada ya miaka miwili yalikuwa sawa. Kano za safu mbili zilionekana kushika vizuri zaidi kwenye picha. Madaktari wengi siku hizi huitumia zaidi kwa mpasuko mkubwa, unaozidi sentimita tatu, ambako uzi wa safu moja una mzigo mzito.

Wa Baba ulikuwa mbili na nusu.

Hapo pananiacha njiapanda, na sitaki kupajaza kwa maneno. Huenda safu mbili ingeshika. Huenda isingeshika. Mtu mmoja si 90, na bega halishonwi mara mbili kwa njia mbili ili tulinganishe.

Pengo na mkono

Inakuwaje basi kano iachie na mkono bado unyanyuke?

Kwanza, kinachoachia mara nyingi si kama kilivyokuwa. Baba aliingia na pengo la sentimita mbili na nusu, sasa ana moja na nusu. Kuna sehemu iliyoshika. Pili, ule mpira kwenye kisahani haushikwi na kano ya juu peke yake. Misuli ya mbele na ya nyuma ikivutana sawasawa, kila mmoja upande wake, mpira unabaki katikati na msuli mkubwa wa nje unaunyanyua mkono. Ni kama jahazi lililopoteza kamba moja ya mlingoti: zilizobaki zikiwa zimekazwa vizuri, tanga linasimama. Na hizo zilizobaki hukazwa na mazoezi.

Mwaka 2004 madaktari wa St. Louis, Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa 18 wenye mipasuko mikubwa sana, wote walishonwa kwa kamera. Walipopimwa kwa ultrasaundi, 17 walikuwa wameachia. Kumi na saba kati ya 18! Hata hivyo maumivu yalikuwa yamepungua na wengi wao walikuwa wakiinua mikono. Nisiikate habari hii nusu: mwaka wa pili nguvu za baadhi yao zilianza kurudi nyuma. Na hata kwa wale Waingereza, ambao mishono yao ilishika ndio waliokuwa na alama bora.

Kwa hiyo kushika kuna maana. Naona kwa Baba mwenyewe. Mkono unapanda, kofia anaitungua, anajipaka mafuta kichwani, anachana ndevu. Lakini mpe kilo tatu za sukari aziweke rafu ya juu, mkono unafika usawa wa kidevu unaanza kutetemeka, anaongeza wa kushoto.

Maumivu yameondoka. Nguvu haikurudi yote. Ni mambo mawili, na mimi nilikuwa nikiyasema kwa neno moja, "kupona".

Daktari wa kadi

Katika kusoma kwangu nilikutana na mtu ambaye sikutarajia kumpenda. Ernest Amory Codman, daktari wa Boston. Yeye ndiye aliyeandika mapema kuhusu kuzishona kano hizi: upasuaji aliufanya 1909, akaandika habari yake 1911. Lakini si hilo lililonishika. Codman alikuwa na kadi. Kila mgonjwa aliyemtibu alimfungulia kadi, akaandika alikuja na nini, akafanyiwa nini, kisha baada ya mwaka akamtafuta na kumuuliza: je, tulikusaidia? Kama hatukukusaidia, kwa nini?

Alitaka hospitali zote zifanye hivyo na zitangaze majibu yao. Wenzake hawakupenda. Mwaka 1914 akaacha kazi Massachusetts General Hospital, akaendelea na hospitali yake ndogo na kuchapisha makosa yake mwenyewe. Alifariki 1940, na kaburi lake likakaa bila jiwe mpaka madaktari walipomwekea 2014.

Lile zoezi ambalo binti wa fiziotherapia alimfundisha Baba wiki za mwanzo, la kuinama na kuuacha mkono uning'inie kama ndoo ya kisimani ukizunguka taratibu, linaitwa kwa jina la Codman. Baba amelifanya sebuleni kwetu mamia ya mara, mkono wa kushoto umeshika meza.

Sisi, baada ya nyuzi kutolewa, hakuna aliyetupigia simu. Silaumu mtu, foleni za hospitali nazijua. Lakini ultrasaundi ile niliiomba mimi, na kadi ya Baba, kama ingekuwapo, ningeijaza mimi.

Ndipo nikaamua kuijaza kwa ukweli. Nikaenda jikoni kuuliza.

Kumi la mwisho

Nilimuuliza kijana anayemsaidia Baba. Alikuwa akipanga makopo, akaendelea kupanga bila kunitazama.

"Dada, mimi nilimkataza."

Daktari alikuwa ametuambia wazi. Wiki sita mkono ubaki umefungwa shingoni. Baada ya hapo kunyoosha tu, bila mzigo. Kukaza misuli kuanze wiki ya 12. Mwiko wa halwa usiguswe kabla ya miezi sita. Kano haigandi mfupani kwa uzi, uzi unaishikilia tu mpaka mwili wenyewe uishike, na mwili hauna haraka. Mishono mingi inayoachia huachia katika miezi hiyo ya mwanzo.

Hesabu na wewe. Kashonwa Januari mwishoni. Idd ilikuwa wiki ya tisa.

Kumi la mwisho la Ramadhani, usiku baada ya tarawehe, Baba alikuwa jikoni ameshika mwiko. Sisi tulidhani amekaa tu anamsimamia kijana. Alikaa siku mbili tatu hivyo, kisha halwa ya mtu mmoja ikashika chini, ikatupwa, na baada ya hapo akasimama mwenyewe. Usiku sita.

Nilikwenda barazani nikakaa pembeni yake. Nilikuwa na maneno mengi, yote yakapotea.

"Baba, Idd ile ulipika?"

Alinyamaza kidogo. "Watu walikuwa wameshalipa, mwanangu. Halwa ya Idd humwambii mtu aje kuchukua baada ya Idd."

"Ungeniambia."

"Ungenikataza."

Nilikasirika, nakiri. Nilikasirikia mwiko, nikakasirikia wateja, nikajikasirikia mimi ambaye nilikesha nikilinganisha nanga na nyuzi wakati kumi zima sikushuka jikoni hata mara moja. Mwezi mzima tulibishana kuhusu njia ya kushona. Kuhusu nani atakoroga halwa ya Idd hatukukaa hata dakika kumi. Kaka angeweza kutuma mshahara wa mpishi wa miezi sita kwa sehemu ndogo tu ya zile pesa za Nairobi, na angetuma kwa furaha. Hatukumwomba, kwa sababu hatukujua kwamba hiyo nayo ni sehemu ya upasuaji.

Lakini ngojeni, sitaki pia kumtwisha Baba mzigo wote. Umri nao upo. Daktari Mfaransa, Boileau, alitoa taarifa 2005 ya mabega 65 aliyoyashona kwa kamera: kwa jumla asilimia 71 yalishika kabisa, ila kwa waliozidi miaka 65 ni asilimia 43 tu. Baba hakuwa amefika hapo, lakini alikuwa akielekea. Sukari nayo huchelewesha kano kushika. Wiki saba za kuchua nazo zilipita. Nani atapima kila kimoja kilivuta uzi kwa kiasi gani?

Simu ya Maskati

Nilimwomba Baba ruhusa kwanza. Akasema, "Mwambie. Ni mwanangu pia."

Nikampigia Kaka siku ya Ijumaa, yeye akiwa mapumzikoni. Nikamsomea za Waingereza, nikamsomea za Kanada. Nikamwambia na la kumi la mwisho. Nilikuwa nimejitayarisha kushinda. Nilikuwa na namba zangu zote kwenye daftari.

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

"Analala?" akauliza.

"Analala."

"Kitandani?"

"Kitandani."

"Upande gani?"

"Wowote, Kaka. Hata wa kulia."

Nikamsikia akivuta pumzi. Hakurudia kuitaja Nairobi, nami sikurudia zile asilimia. Akauliza mpishi wa halwa siku hizi anataka kiasi gani kwa mwezi.

Ami wa nyumba ya pili

Habari mtaani hazikai. Juzi alikuja jirani yetu, Ami, baharia mstaafu wa miaka 70, ameshika ripoti yake kwenye bahasha ya kaki. Kano ya juu imekatika, upande wa kulia. Akaniuliza, kwa sababu amesikia nimesoma, ashonwe kwa kamera au apasuliwe?

Miezi mitatu iliyopita ningemjibu palepale.

"Ami, ulianguka?"

Hakuanguka. Lilianza lenyewe, polepole, hajui lini.

Hapo ndipo yeye na Baba wanapoachana njia. Baba alikuwa mzima asubuhi, jioni mkono haupandi. Mpasuko wa ghafla kwa mtu anayeutumia mkono kwa kazi ni mpasuko ambao madaktari wengi hawapendi usubiri. Wa Ami ni wa kuchakaa, na kwa huo mambo ni mengine. Finland walichukua mabega 180 ya aina hiyo, watu waliopita miaka 55, wakawagawanya mafungu matatu: mazoezi tu, mazoezi na kukwangua mfupa wa juu, au vyote hivyo na kushona. Mwaka mmoja baadaye na hata miwili, hapakuwa na tofauti ya maana. Marekani, wagonjwa zaidi ya 400 walioanzishiwa mazoezi ya wiki 12, miaka miwili baadaye waliokwenda kupasuliwa hawakufika robo.

Nikamwambia na upande wa pili, kwa sababu asingenisamehe baadaye. Wanorway waliwafuata watu 103 kwa miaka kumi. Kufikia mwaka wa tano walioshonwa waliwazidi wa mazoezi kwa alama chache tu, kufikia wa kumi kwa karibu alama kumi kati ya 100. Baadhi ya mipasuko iliyoachwa bila kushonwa iliendelea kupanuka. Kwa mtu wa miaka 50 mwenye kazi ya mikono, miaka kumi ni mingi sana. Ami akacheka kidogo, akasema kwake yeye miaka kumi ni ya Mungu.

"Kinachokusumbua hasa ni nini, Ami? Kunyanyua au maumivu?"

Alifikiri. Akageuka kutazama barabara, kama mtu anayeona haya.

"Kusali. Nikiinuka kutoka kwenye sijda, nikijisukuma kwa mkono huu. Na usiku."

Nikayaandika yote mawili nyuma ya bahasha yake, na tarehe. Baba, aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani, akatoka barazani, akainama, akashika ukingo wa kiti kwa mkono wa kushoto, akauacha wa kulia uning'inie. Akaanza kuuzungusha, duara ndogo, taratibu.

"Hivi," akamwambia. "Usiunyanyue wewe. Uache ujiendee."

Ami akainama pembeni yake.

Jumatatu nampeleka kwa yule binti wa fiziotherapia.